Jinsi ya kutumia ripoti za mfumo kuendesha malori ya Dar es Salaam–Tunduma

Wenye malori wengi wa barabara ya Dar es Salaam–Tunduma tayari wana kifaa cha GPS kwenye kila gari. Wanakilipia kila mwezi, wanafungua simu, wanaona nukta zikitembea kwenye ramani: moja iko Chalinze, moja Makambako, nyingine imelala Mpemba. Kisha wanafunga simu. Ramani inajibu swali moja tu, gari liko wapi sasa hivi. Haikwambii kwa nini gari hili limekwenda safari mbili mwezi huu na pacha wake amekwenda tatu, wala mafuta uliyonunua yameishia wapi. Majibu hayo yamo kwenye ripoti. Lakini ripoti haizai kitu mpaka awepo mtu mmoja mwenye jina, anayeisoma siku inayojulikana, na mwenye mamlaka ya kubadilisha jambo baada ya kuisoma. Kila hatua hapa chini inajengwa juu ya hilo.

Nimeandika nikiwafikiria wenye magari kuanzia matano hadi hamsini hivi, wanaotoa mzigo bandari ya Dar es Salaam kupeleka Iringa, Mbeya, Zambia au Kongo. Mwenye Fuso mbili za nyanya za Ilula naye atapata cha kuchukua. Sehemu za mpakani anaweza kuziruka.

Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya kufungua mfumo

Chukua karatasi, andika maswali matatu ambayo majibu yake yangebadilisha namna unavyofanya kazi wiki ijayo. Kwa kampuni nyingi za njia hii maswali yenyewe ni haya: magari yanapotezea siku wapi? Kila gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita likiwa na mzigo, na ngapi likirudi tupu? Na safari ipi hasa inalipa?

Kando ya kila swali andika jina la mtu na siku. Mkuu wa usafirishaji anasoma muda wa safari kila Jumatatu asubuhi. Msimamizi wa mafuta na mhasibu wanakaa pamoja kila Jumatano. Mwenye mali anaangalia faida ya safari mara moja kwa mwezi. Swali lisilo na jina pembeni lifute, kwa sababu halina atakayelijibu.

Kuhusu programu yenyewe, huna haja ya kitu cha gharama kubwa kuanzia. Traccar ni programu huria, unaipakua bure na kuiweka kwenye seva yako, na ina ripoti za safari, za vituo na za muhtasari. Kazi ya kuitunza inabaki kwako, kwa hiyo uwe na mtu anayeijua seva. Ukichagua kampuni ya kukufungia vifaa na kukupa mfumo wake, kuna jambo moja la kuuliza kabla ya kusaini: naweza kupakua data yangu kama faili la Excel au CSV (faili la jedwali), kila safari kwenye mstari wake? Mfumo unaotoa PDF nzuri yenye nembo peke yake utakukwamisha mapema, siku utakapotaka kulinganisha safari na risiti za mafuta na malipo ya mteja.

Hatua ya 2: Safisha kinachoingia

Ripoti mbaya nyingi hazitokani na programu mbaya. Zinatokana na vitu vidogo ambavyo havikupangwa mwanzo, na hapa inafaa kuwa na subira.

Anza na saa. Seva nyingi zimewekwa kwenye saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Usiporekebisha, siku ya ripoti inaanza saa tisa usiku badala ya saa sita, na safari ya usiku inakatwa mahali pasipo na maana. Gari likivuka Tunduma kwenda Nakonde, saa za Zambia ziko nyuma kwa saa moja, na Lubumbashi ni hivyo hivyo. Weka mfumo mzima kwenye saa ya Afrika Mashariki, gari liwe Kibaha au Kolwezi. Na kwenye fomu za madereva tumia mtindo wa saa 24. Dereva akiandika “saa 2” bila kusema asubuhi au usiku, karani ataingiza 02:00, na umeshapata safari iliyoanza usiku wa manane ambayo haikuwahi kuwapo.

Pili, angalia kifaa kinatuma taarifa kila baada ya muda gani. Kikituma kila dakika tano, kona za mlima Kitonga zinageuka mistari iliyonyooka kwenye data na umbali unapungua. Weka kila sekunde 30 hadi 60 gari likiwa kwenye mwendo, na kama kifaa kinaruhusu, kitume pia kila gari linapokata kona. Kisha chukua gari moja, linganisha kilomita za mfumo na za dashibodi kwa safari nzima. Tofauti ndogo inayojirudia kwa kiasi kilekile haina shida. Tofauti inayorukaruka inamaanisha kifaa kinapoteza mawasiliano au hakikufungwa vizuri.

Tatu, laini ya simu. Gari likivuka mpaka bila huduma ya data ya nje, vifaa vingi huhifadhi kumbukumbu na kuzituma likirudi kwenye mtandao. Ndiyo maana ripoti ya jana inaweza kubadilika kesho. Kwa magari yaliyo nje ya nchi, usifunge hesabu ya safari mpaka kumbukumbu zote zimeingia.

Nne, majina. Gari moja lisiandikwe kwa namna tatu, mara kwa namba yenye nafasi, mara bila nafasi, mara “Scania ya Juma”. Chagua namba ya usajili, andika vilevile kwenye GPS, kwenye kadi ya mafuta na kwenye daftari la gereji. Kichwa na trela kila kimoja kiwe na namba yake kwenye mfumo, kwa sababu trela zinabadilishana vichwa na utataka kujua tairi lililopasuka lilikuwa chini ya trela ipi.

Mwisho wa hatua hii ni kuchora uzio kwenye ramani: mipaka ya maeneo ambayo mfumo utayatambua kwa jina. Chora yadi yako, geti la bandari au bandari kavu unayopakia, mizani za Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, vituo unavyojaza mafuta, na maghala ya wateja. Tunduma chora mara mbili: uzio mmoja wa foleni ya barabarani kurudi nyuma upande wa Mpemba, na mwingine wa eneo la kituo cha pamoja cha mpakani. Sababu ni hii. Programu hutambua “safari” na “kituo” kwa kuangalia gari limesimama dakika ngapi. Lori lililo kwenye foleni linasogea mita mia mbili, linasimama nusu saa, linasogea tena, na ripoti ya kawaida itakuletea safari ndogondogo kibao zisizo na maana. Ukiwa na uzio unauliza jambo moja: liliingia saa ngapi, likatoka saa ngapi.

Hatua ya 3: Ipime safari kwa vipande vyake

Sasa unaweza kujibu swali la kwanza. Usitazame siku za safari kwa jumla, zikate. Chukua mfano wa lori moja, hesabu za kuonyesha tu, kutoka kupangiwa mzigo Dar hadi kutoka mpakani:

Kusubiri na kupakia hadi kutoka getini: saa 31
Magurudumu yakizunguka barabarani: saa 19
Mizani zote kwa pamoja: saa 5
Kulala, kula na kupumzika: saa 22
Foleni ya Tunduma na taratibu za forodha: saa 46

Jumla ni saa 123, na gari lilikuwa kwenye mwendo saa 19 tu. Tazama vizuri hapo kabla ya kumpigia dereva simu kumwambia akanyage. Hata akienda kasi zaidi kwa sehemu ya kumi, ambayo ni hatari na ni kinyume cha sheria, utaokoa chini ya saa mbili. Siku zako ziko bandarini na mpakani, na sehemu zote mbili ni kazi ya ofisi. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mwenye lori alione kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu madereva wengi wanabebeshwa lawama za ucheleweshaji ambao karatasi zimeusababisha.

Ukishaona kipande kikubwa, tengeneza hatua inayokigusa. Kwa mpakani, weka tahadhari: gari likiingia kwenye uzio wa Makambako, mfumo utume ujumbe kwa wakala wako wa forodha Tunduma na kwa anayeshughulikia nyaraka ofisini. Gari bado lina saa kadhaa barabarani, muda unaotosha kukagua kama nyaraka zote zimekamilika na malipo yamefanyika. Wakala akijibu kwamba cheti fulani kinakosekana, bora ukijue gari likiwa Makambako kuliko likiwa limeziba njia mbele ya geti. Kwa bandarini, linganisha saa gari lilipofika na saa mzigo ulipokuwa tayari kutolewa. Ukikuta magari yako yanawahi kwa siku nzima na kusubiri, acha kuyatuma mapema. Yabaki yadi, fundi ayaguse.

Rudia ripoti hii kwa safari kumi za mwisho za kila njia, kisha tumia thamani ya kati, yaani ile inayokaa katikati ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Wastani unaharibiwa na gari moja lililokwama wiki mbili kwa kuvunjika difu, na ukimwahidi mteja kwa wastani huo utamdanganya bila kukusudia.

Hatua ya 4: Mafuta, bila kumhukumu mtu haraka

Hapa ndipo hela zilipo, na ndipo ugomvi ulipo. Kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pima kwa lita, usipime kwa shilingi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikipanda ripoti yako ya shilingi itaonyesha madereva wote wameharibika kwa mpigo. Lita za mwezi huu na lita za mwezi uliopita zinalinganishika.

Tenganisha kwenda na mzigo na kurudi tupu. Kila gari liwe na kiwango chake, kinachotokana na safari zake lenyewe ambazo unajua zilikuwa safi, maana gari la zamani lenye injini iliyochoka halitafanana na jipya. Usichukue kiwango cha kampuni jirani.

Kihisi cha mafuta kwenye tangi kinafaa sana, ila kisahihishwe vizuri siku ya kufungwa: tangi likiwa tupu, fundi anamimina lita 20, anaandika alichosoma, anamimina 20 nyingine, hadi juu. Fundi anayefunga na kuondoka bila kumimina amekuachia namba za kubahatisha. Gari lenye matangi mawili linahitaji vihisi viwili. Na jua kwamba kwenye mteremko mafuta yanalala upande mmoja, hivyo usomaji wa Kitonga usiuamini. Soma kiwango gari likiwa tambarare, limesimama, injini imezimwa.

Sasa hesabu. Tuseme safari ni kilomita 920 kwenda na 920 kurudi, kiwango cha gari ni kilomita 2 kwa lita likiwa na mzigo na 3 likiwa tupu. Kwenda ni lita 460, kurudi ni lita 307, jumla 767. Ripoti inaonyesha zimetumika 830. Zimezidi 63. Ofisi nyingi zinaishia hapo na kukata lita 63 kwenye posho ya dereva.

Endelea kidogo. Fungua ripoti ya muda ambao injini ilikuwa ikiunguruma gari likiwa limesimama. Lori zito la dizeli likiunguruma bila kwenda hutumia takriban lita 2 hadi 4 kwa saa. Ukikuta saa 14 kwenye foleni ya Tunduma na mizani, kwa lita 3 kwa saa ni lita 42. Zimebaki 21, ambazo hazifiki asilimia 3 ya safari, kiasi ambacho upepo, mzigo na mwendo vinaweza kukieleza. Dereva huyo hajaiba. Kinachotakiwa ni kuzungumzia kuzima injini kwenye foleni, na kurudi kwenye hatua ya 3 kupunguza foleni yenyewe.

Sasa tazama gari la pili. Saa 02:10 usiku, injini imezimwa, kiwango kinashuka lita 40 ndani ya dakika 11. Kabla ya kusema lolote, angalia kiwango baada ya gari kuondoka na kusimama tena tambarare. Kikirudi juu, gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mwinuko au kihisi kina kasoro. Kisiporudi, mafuta yameondoka. Chukua mahali hapo, angalia kama magari yako mengine yamewahi kushuka hapohapo. Mara nyingi utakuta ni eneo lenye wanunuzi wa mafuta ya wizi kwa madumu. Hatua ya kwanza inayofaa ni kukataza kulala hapo na kupanga sehemu nyingine ya kulala yenye mlinzi, kisha ndipo uzungumze na mhusika.

Usisahau upande wa kituo cha mafuta. Panga kwenye jedwali moja lita za risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na lita ambazo kihisi kilionyesha kupanda siku hiyo hiyo. Risiti ikisema 400 na tangi limepanda 365, na jambo hilo likijirudia kituo kilekile kwa madereva tofauti, tatizo haliko kwenye kabini. Nimeona madereva wakipoteza kazi kwa lita ambazo hazikuwahi kuingia kwenye tangi. Ulinganisho huu ni mstari mmoja wa Excel, na ni wa haki kwa wote.

Hatua ya 5: Hesabu faida kwa siku

Mhasibu hupenda faida kwa safari. Lori linaishi kwa siku: mkopo, bima na mshahara vinaendelea hata likiwa limesimama. Chukua malipo ya mteja, toa gharama za safari hiyo (mafuta, posho, ushuru wa barabara, mizani, wakala, makadirio ya matairi), kisha gawa kwa siku zote tangu gari lilipopangiwa mzigo hadi lilipokuwa tayari kwa mzigo mwingine. Siku za kurudi tupu na za kusubiri zimo humo.

Mfano tena, si takwimu za soko. Safari ya Kongo inabakiza shilingi milioni 6 kwa siku 24: shilingi 250,000 kwa siku. Safari ya Mbeya inabakiza milioni 2.1 kwa siku 6: shilingi 350,000 kwa siku. Kwenye daftari la safari, ile ya Kongo inaonekana mfalme. Kwa siku, Mbeya inashinda, ilimradi una uhakika wa mzigo wa kuijaza nafasi hiyo kila mara, na uhakika huo uuweke kwenye hesabu pia. Ukipata mzigo wa kurudi, hata wa bei ndogo, kokotoa upya kwa njia hiyohiyo: mzigo unaokuchelewesha siku tano kuusubiri unaweza kukugharimu kuliko kurudi tupu.

Mwenye kontena aongeze safu moja zaidi, tarehe ya mwisho ya kurudisha kontena tupu kwa mwenye meli. Panga orodha kwa tarehe hiyo na uipitie kila siku. Tozo za kuchelewesha zinapanda kimyakimya.

Hatua ya 6: Mizani na mwendo

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa uzito wa jumla, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake: ekseli moja yenye matairi pacha tani 10, mbili za pamoja tani 18, tatu za pamoja tani 24. Gari linaweza kuwa chini ya jumla na bado likakamatwa kwa kundi moja la ekseli. Kwa hiyo ingiza kwenye mfumo uzito wa kila kundi kutoka tiketi ya kila mizani, pamoja na jina la sehemu lilipopakiwa. Baada ya wiki chache utaona ghala au mpakiaji anayerundika mzigo nyuma. Mwenye kupokea ripoti hii awe msimamizi wa upakiaji, kwa kuwa dereva hakupanga magunia.

Kwa mwendo, lori zito lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Ripoti ya kawaida inaorodhesha kila kuvuka 80, na orodha inakuwa ndefu mpaka hakuna anayeisoma. Ipange kwa hatari. Kilomita 84 kwenye tambarare ya Makambako mchana na kilomita 62 kwenye mteremko wa Kitonga na mzigo si kosa la uzito mmoja, ingawa mfumo utaliona la kwanza tu. Chora uzio wa Kitonga, uzio wa barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, na uzio wa miji mikubwa, kila mmoja na kikomo chake. Simu ya kwanza asubuhi iende kwa aliyevuka huko. Tazama pia aliyeendesha muda mrefu bila kupumzika usiku: lori linalopita Mikumi saa nane usiku lilipaswa kuwa limelala.

Hatua ya 7: Gereji

Hii ni fupi. Huduma ipangwe kwa kilomita na kwa saa za injini, kwa maana lori la foleni linachakaa bila kwenda. Tairi kila moja liandikwe namba, nafasi lilipofungwa na kilomita za siku hiyo. Likiondolewa andika tena. Ukigawa bei kwa kilomita utajua ni tairi lipi la bei rahisi lililokuwa ghali, na ni ekseli ipi inayokula matairi kwa sababu imepinda.

Hatua ya 8: Kaa na madereva kabla ya kuwasha tahadhari

Waite, waonyeshe skrini, waeleze nini kinarekodiwa, nani anakiona, na kitatumika kufanyia nini. Si hisani tu. Mahali alipo mtu, likiunganishwa na jina lake, ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kampuni inayokusanya taarifa hizo inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Dereva akiwa likizo na gari liko nyumbani kwake, hakuna sababu ya mtu ofisini kuangalia.

Weka kanuni kwamba ripoti inaanzisha mazungumzo na dereva anapewa nafasi ya kueleza kabla ya makato yoyote. Karani kijana anampigia dereva mtu mzima:

“Shikamoo mzee. Naona jana usiku gari lilisimama Ilula kuanzia saa nne mpaka saa nane, injini ilikuwa inawaka muda wote. Kulikuwa na shida?”

“Marahaba kijana. Stata inasumbua toka Mikumi. Nikizima haliwaki, na pale sikuwa na wa kunisukuma.”

Karani anaandika sababu hiyo kwenye mstari wa safari, anatuma taarifa gereji ya Mbeya, na lita za usiku ule zinahesabiwa kwenye matengenezo. Safu ya “sababu” ni muhimu kama safu ya lita. Bila hiyo, mwezi ujao mtu mwingine ataikuta namba ile na kuitafsiri anavyotaka.

Na wanaofanya vizuri waonekane. Bonasi ndogo kwa aliyekaa ndani ya kiwango cha gari lake, si kwa aliyetumia lita chache kuliko wote, inamfanya kila mmoja ashindane na nafsi yake. Ukimlinganisha mwenye gari bovu na mwenye gari jipya, umemkatisha tamaa yule aliyekuwa anakusaidia zaidi.

Hatua ya 9: Kikao cha nusu saa

Jumatatu, watu wanne wanatosha: usafirishaji, mafuta, gereji, uhasibu. Ukurasa mmoja mezani wenye maswali matatu ya hatua ya kwanza, jibu la wiki hii, jibu la wiki iliyopita, na kilichoamuliwa mara ya mwisho. Kwanza sema kama kilichoamuliwa kilifanyika. Kisha chagua jambo moja la wiki, moja tu, na jina la atakayelifanya. Mambo matano yakichaguliwa kwa mara moja, kwa kawaida hakuna linalofika mwisho.

Kila robo mwaka pitia orodha ya ripoti zinazotumwa kwa barua pepe. Uliza kila mpokeaji ni uamuzi gani aliufanya kwa sababu ya ripoti ile. Asiyekumbuka hata mmoja, zima ripoti hiyo. Ukiona swali limejibiwa na tatizo limeisha, kwa mfano magari hayasubiri tena bandarini, acha ripoti yake iwe ya mwezi badala ya wiki na uweke swali jipya kwenye ukurasa.

Kama huna pa kuanzia kesho asubuhi, chukua gari moja na safari yake ya mwisho iliyokamilika. Pakua data, kata muda wake vipande vitano kama kwenye hatua ya 3, weka risiti za mafuta pembeni, mpigie dereva akueleze sehemu zisizoeleweka. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na ikiisha utajua ni uzio upi wa kuchora kwanza.